Kibwebwe Chini ya Chuma

Jumapili, 8 Septemba 2019

Raundi mbili nimemaliza. Ya tatu nikafungua uso wa kofia ya chuma kabla ya filimbi. Kwa Dee ukifungua umetoka, hakuna kujitetea. Nikatoka. Nikakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa mlangoni mwa gereji yake, Grand Prairie, jasho likishuka mpaka ndani ya viatu. Hasira tupu.

Watu wakiona deraya, hii nguo ya chuma, wanauliza uzito. Uzito si neno. Kilo thelathini hivi, na mimi kazini nanyanyua wazee wa kilo tisini kuwatoa kitandani, tena wengine wananitukana. Tabu ni pumzi. Bamba la kifua halitanuki. Unavuta hewa, kifua kinagonga chuma, kinarudi na nusu ya ulichotaka. Ndani ya kofia husikii kitu ila kuhema kwako mwenyewe. Tabu ya pili ni miguu. Mzigo wa mgongoni ukishaupakia umetulia, lakini chuma cha paja na cha muundi unakibeba upya kila hatua.

Dee ndiye kapteni wa timu. Mwalimu wa shule, mfupi, ana sauti ya kuvunja vikombe. Tuko wanawake watano, tunapigana kwa panga butu na ngao, na mashindano yako Houston tarehe 26 Oktoba. Leo kaniambia kwa upole, na huo upole ndio ulioniudhi: nisipomaliza raundi tatu kabla ya katikati ya Oktoba, nafasi yangu atampa mwingine. Nina miaka arobaini na saba. Anayenifuata ana thelathini na moja. Simpi mtu nafasi yangu.

Hamisi alinifungua bizimu za mgongoni. Mtu havai deraya peke yake wala haivui peke yake, na mimi anayenivika ni mume wangu. Hufika, hufunga mikanda, hurudi kwenye gari kusikiliza redio mpaka tumalize. Kutwa nzima anatengeneza viyoyozi vya watu halafu Jumapili anakaa kwenye gari lisilo na kiyoyozi. Sijawahi kumsikia akilalamika.

Jumatano, 11 Septemba

Nimepika ugali nikiwa na bamba la kifua. Dee anasema mwili lazima uzoee. Mwiko ulikuwa unagonga chuma. Hamisi akasema, Bi Zuhura, jirani wa chini atafikiri tunaunda meli.

Mwanaisha kapiga simu. Kichenpati yake, ile sherehe ya kina mama kumfunda bibi harusi, ni Houston, Jumapili tarehe 27 Oktoba, siku moja baada ya mashindano. Sikuamini bahati yangu, safari moja, mambo mawili. Mwanaisha ni binti wa kaka yangu Shabani wa Missouri City, pembeni mwa Houston, lakini alikaa kwetu hapa Arlington miaka yote ya chuo. Sisi hatukujaliwa mtoto. Naandika hivyo hivyo bila kuzunguka. Yeye ndiye niliyemlea nikamwona anatoka na shahada yake mlangoni kwangu. Anataka nimwingize ukumbini mimi, shangazi yake: amefunikwa kanga gubigubi, nimshike mkono, nimketishe, nimfunue. Ndivyo ilivyo kwetu Tanga na ndivyo itakavyokuwa Houston.

Doti ya kanga ya kumfunikia nimeshainunua. Nyekundu na nyeusi, maandishi yake: NIMEPATA NILICHOTAKA, SEMENI MCHOKE. Haijakatwa. Vipande viwili bado vimeshikana kama vilivyotoka kiwandani, na havitenganishwi mpaka siku yenyewe.

Fundi wa sare za kichenpati ameuliza mikono mirefu au mifupi. Nimesema mirefu. Chuma kinazuia jeraha, hakizuii pigo. Kwapa, ndani ya kiwiko, juu ya nyonga, kote damu imevilia. Juzi zambarau, leo kijani. Hamisi pekee anajua habari ya deraya, na nimemwapisha asimwambie mtu. Si kwa aibu. Nimechoka kueleza.

Jumamosi, 21 Septemba

Akika kwa watu wa hapa hapa Arlington. Pilau sufuria mbili kubwa. Nilikuwa jikoni naosha, nikajisahau nikakunja mikono ya gauni. Bi Tatu alikuwa anafuta masinia pembeni yangu. Bi Tatu ndiye mwenyekiti wetu wa kina mama, hakuna msiba wala harusi inayosogea bila yeye. Aliangalia mikono yangu muda mrefu. Akanishushia mikono ya gauni mwenyewe, taratibu, akaendelea na masinia.

Basi, kaona. Ameshajua. Itakuwa mtaani kesho.

Alhamisi, 26 Septemba

Bi Tatu kaja nikiwa nimetoka kazini. Kaleta biriani. Kakaa, kanishika mkono, machozi yanamlenga.

"Mdogo wangu, tume-notice siku nyingi. Usione aibu. Na mimi kwa mume wangu wa kwanza nilipitia."

Nikashangaa. Bi Tatu na deraya wapi na wapi. Nikamwambia tu nimezoea, na maumivu yanapita baada ya siku tatu. Ndipo akalia kweli. Akaondoka bila hata kumaliza chai.

Biriani ilikuwa nzuri. Sijaelewa.

Jumatatu, 30 Septemba

Jana nimetapika baada ya raundi ya pili. Ndani ya gereji kulikuwa na joto la jikoni kwenye shughuli. Dee kanimwagia maji shingoni, hakusema kitu kuhusu nafasi yangu. Afadhali angesema.

Na jingine. Ijumaa msikitini Hamisi kasalimiwa kwa ncha za vidole. Watu aliowatengenezea viyoyozi bure. Mmoja kamwambia amwogope Mungu. Hamisi kauliza kwa lipi, yule kaondoka. Jioni kanisimulia. Nimemwuliza umefanya nini, kasema hata yeye angependa kujua.

Jumapili, 6 Oktoba

Naandika kabla hata sijaoga.

Asubuhi Kaka Shabani alimpigia Hamisi kwamba yuko njiani kutoka Missouri City, amkute nyumbani peke yake. Mimi nikaenda mazoezini, Dee akanifunga mikanda. Raundi mbili na nusu. Nikarudi na begi langu la chuma, nikakuta viatu mlangoni. Vya Kaka. Vya Bi Tatu. Vya mumewe Bi Tatu.

Sebuleni wamekaa kikao. Hamisi katikati, kwenye kiti cha kulia chakula, kainamisha kichwa kama mtoto wa shule. Kaka anaongea kwa sauti ile ya baba yetu. Kwamba familia yetu haikumwoza dada yake kwa mtu wa ngumi. Kwamba kama dada huyo hana mtoto, hilo ni la Mungu, si la kumpigia.

Hapo ndipo nilipoelewa yote kwa mara moja. Biriani. Msikiti. Machozi ya Bi Tatu.

Na Hamisi kanyamaza. Kwa sababu nilimwapisha. Wanamvua heshima yake nguo moja moja na yeye kanyamaza kwa ajili yangu. Sijawahi kumpenda mtu hivyo na sijawahi kujichukia hivyo.

Nikawaambia. Waziwazi, tangu mwanzo: miaka miwili sasa, kila Jumapili, wanawake watano, panga butu, ngao, deraya. Wakanitazama kwa huruma. Bi Tatu akasema wanawake huwa tunawatungia waume zetu kila namna ya hadithi, yeye alikuwa akisema ameanguka bafuni.

Basi nikafungua begi. Nikavaa koti la pamba lililolowa jasho, nikatandaza vyuma kwenye zulia, nikaanza na miguu. Nilipofika kwenye bamba la kifua Hamisi akainuka kwenye kile kiti. Hakuna aliyemwita. Akaja nyuma yangu akafunga bizimu moja moja, bila kutazama, vidole vyake vinajua kila tundu. Mabega. Mikono. Akanivika kofia, akajaribu kama nageuza shingo. Nadhani ndipo walipoamini, zaidi kwa kuona vile vidole kuliko kwa kuona chuma.

Bi Tatu akaomba glovu ya chuma. Akaingiza mkono, akashindwa kuukunja. Akauliza kwa sauti ndogo kama huyo ninayepigana naye na mimi huwa nampiga. Nikasema sana. Hakuivua glovu mpaka walipoondoka. Mlangoni alimwomba Hamisi radhi, na mumewe naye.

Kaka hakuomba. Alisimama katikati ya sebule na kofia yangu mikononi, akaipima, akaiweka juu ya televisheni.

"Angekuwa anakupiga, Zuhura, ningejua pa kuanzia. Hili la kwenda kupigwa kwa miguu yako mwenyewe silijui."

Halafu akatoa hukumu. Niache Houston, niache yote. La sivyo mwanawe haingizwi ukumbini na mtu mwenye mikono kama ya mwizi aliyekamatwa sokoni. Nichague.

Nikamwambia nitakuja Houston, Kaka. Jumamosi na Jumapili.

Akavaa viatu vyake bila kuaga.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimemwomba Hamisi radhi. Kasema kilichomuuma si maneno, ni kile kiti, hakina mto.

Kaka ndiye aliyenileta nchi hii. Ndiye aliyesimama badala ya baba nilipoolewa. Nampenda. Lakini tangu nikiwa mdogo mwili wangu umekuwa wa kila mtu. Usikimbie, utaonekana. Usicheke, utasikika. Kunywa hiki utashika mimba, kunywa kile. Madaktari, waganga, mawifi, kila mtu alikuwa na neno juu ya tumbo langu. Ndani ya chuma hakuna mtu mwenye neno. Kuna mimi, pumzi yangu, na tundu la kuonea. Mwili huu sitaurudisha.

Jumatano, 9 Oktoba

Ile doti ilikuwa mezani, bado kwenye mfuko. Nimeiangalia siku tatu. Leo nikachukua mkasi nikaikata katikati. Mama yangu angeniona angeshika kichwa.

Kipande kimoja nikakikunja nikajifunga kibwebwe, kiunoni, kwa hasira, kama naelekea kwenye ugomvi wa kisimani. Nikamwita Hamisi anivike juu yake. Nilitaka tu kupika na hasira yangu.

Akafunga mikanda, nikasimama, nikasikia tofauti. Bamba halikuning'inia mabegani. Limekaa juu ya kanga, na kanga imekaa juu ya nyonga, pale pale watoto wa ndugu zangu walipokaa nilipowabeba. Miaka miwili nimebeba chuma kwa mabega kama mpumbavu. Nikamwambia legeza ule mkanda wa ubavuni, kanga itashika. Akalegeza. Nikavuta pumzi. Ikaingia yote, mpaka chini.

Nikazunguka meza mara kadhaa. Ugali ukaungua. Tukala hivyo hivyo.

Jumapili, 13 Oktoba

Raundi tatu. Nimesimama mpaka filimbi. Mwanamke wa miaka thelathini na moja ndiye aliyefungua uso.

Dee kauliza nimefanya nini. Nikamfunulia koti nikamwonyesha kanga. Kaishika, kauliza maandishi yanasemaje. Nikamfasiria. Kacheka mpaka akakaa chini. Jina langu liko kwenye timu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mwanaisha kapiga simu analia. Baba yake kashatangaza kwamba atakayemwingiza ni shemeji yake wa Dallas, mwanamke mwenye heshima. Eti nimejitoa mwenyewe kwa sababu ya kazi.

Nikamwambia sijajitoa. Akauliza kama hayo mapigano siwezi kuyaacha hata mwaka huu tu. Kwa ajili yake. Kwa ajili yake ningeacha vingi. Lakini nikamwambia: nikimwingiza ukumbini kwa sharti hilo, nikamketisha, nikamfunua, nitamfunda nini? Kwamba mume akisema acha, aache? Kwamba kaka akisema kaa, akae? Sina uso wa kumwambia hayo.

Akasema "Okay, Shangazi", akakata. Nimelia. Kisha nimepaka mafuta mikanda.

Ijumaa, 25 Oktoba

Houston. Tumefikia hoteli ndogo Sharpstown, chumba cha jirani kuna mtu anakaanga samaki. Njia nzima Hamisi kaendesha mimi nimelala, begi la chuma likigongagonga nyuma. Dakika ishirini kutoka hapa ni nyumbani kwa Kaka. Sijawahi kuja mji huu nikalala hotelini. Nimeudhika, nimeogopa, njaa sina. Kesho.

Jumamosi, 26 Oktoba

Tumeshindwa. Niandike hilo kwanza liishe.

Uwanja wa vumbi, uzio wa mbao, jua limerudi kana kwamba ni Agosti. Hamisi alinifunga kibwebwe kwanza, akakivuta mpaka nikaguna, kisha chuma. Mikono yake ilikuwa baridi.

Raundi ya kwanza sikumbuki ila kelele. Ya pili walinijia wawili, mmoja akanipiga ngao begani, mwingine akaniparamia miguuni, nikaanguka chali. Sheria ya mchezo, aliyeanguka amekufa kwa raundi hiyo. Ukiwa chali ndani ya chuma unaona kipande cha mbingu chembamba na unasikia moyo wako masikioni. Wazee wangu kazini wanaoanguka huona hivi. Sasa najua kwa nini hunikamata kwa nguvu.

Ya tatu Dee akaniambia kama nimechoka kuna mtu wa akiba. Nikatikisa kichwa, kofia ikagonga shingo. Wakaanguka wenzangu, mmoja, mmoja, kisha Dee mwenyewe. Nikabaki mimi na watatu wao. Niliegemea uzio ili wasinizunguke. Walinipiga. Walinipiga kweli. Mkono wa kushoto ukafa ganzi, ngao ikashuka. Nikavuta pumzi mpaka kwenye kanga. Nikampiga mmoja, akaketi chini na kubaki hapo. Nilikuwa napiga kelele kwa Kiswahili, Hamisi anasema maneno mengine hawezi kuyarudia. Filimbi. Nimesimama.

Wao wawili, sisi mmoja. Wameshinda kwa haki. Mmoja wao alinikumbatia chuma kwa chuma. Hamisi alipofungua bizimu ya mwisho nilicheka bila sababu na sikuweza kuacha.

Jumapili, 27 Oktoba

Asubuhi nilichukua mkasi, nikakata mikono ya sare. Yote miwili, mpaka begani. Mkono wa kushoto umekuwa zambarau kuanzia bega hadi kiwiko. Hamisi alitazama, akasema nyuzi zinaning'inia, akazichoma kwa kiberiti.

Ukumbi uko karibu na kwa Kaka. Alikuwa mlangoni, kanzu nyeupe, anapokea wageni. Nikamwamkia. Aliona mkono. Kasema tu ninaweza kukaa na wageni wengine, mimi ni mgeni kama mgeni. Nikapita.

Lakini kichenpati ni ya wanawake. Kaka mlangoni ndiyo mwisho wake, ndani hana amri. Na aliyekamata kipaza sauti ni Bi Tatu, kaja kutoka Arlington na gari zima la kina mama. Ngoma ikapigwa, tukaambiwa bibi harusi yuko chumba cha pembeni, aingizwe. Shemeji wa Dallas akainuka. Akaenda. Akarudi peke yake. Bibi harusi hatoki.

Bi Tatu hata hakuuliza kwa nini. Akasema kwenye kipaza sauti, kama mtu anayetangaza chakula, "Shangazi wa bibi harusi anatakiwa. Yule wa Arlington."

Nikatembea kati ya meza na mikono yangu wazi. Walitazama. Watazame. Niliwasikia wakinong'ona na niliwasikia wakinyamaza.

Mwanaisha alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kapambwa, hina mpaka viwiko. Shikamoo Shangazi. Nikatoa kile kipande kisafi cha doti nikamfunika. Akakiondoa.

"Si hicho, Shangazi. Nataka kile ulichovaa jana."

Kumbe Hamisi alimsimulia kwa simu. Nikamwambia kimelowa jasho, kimekaa kwenye mfuko wa nailoni tangu jana, kinanuka chuma. Akanyoosha mkono. Kilikuwa bado kwenye mkoba, nilidhani ningekifua hotelini nikasahau. Nikamfunika nacho gubigubi. Nilimsikia chini ya kanga akivuta pumzi, ndefu. Nikamshika mkono. Tukaingia.

Jumatatu, 28 Oktoba

Arlington. Siko kazini leo. Koti la pamba liko kwenye beseni, maji ya tatu na bado meusi. Hamisi kakaa kwenye ngazi anasugua kutu na kitambaa cha mafuta, chuma kimoja kimoja, redio iko chini.

Mkono wa kushoto hauinuki kufikia kabati. Nakunywa chai kwa wa kulia.

Kaka hajapiga simu. Jana nilipotoka ukumbini alikuwa bado mlangoni, akanifungulia mlango wa gari, akaufunga. Sijui ni nini. Sitalitafsiri.

Bi Tatu kauliza kama Dee ana kofia ya kichwa kikubwa.

Mwanaisha kabaki na kipande chake, hajakifua. Mimi nimebaki na kile kisafi. Nimekikunja nimekiweka juu kabisa ya begi. Mazoezi ni Jumapili.